KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA
Elimu ya wadudu na kisa cha mbung'o wa Unguja



Mwaka jana mpwa wangu, ambaye amezaliwa na kukulia huku ugenini, alikaa mezani kwetu akijaza fomu za kuombea nafasi ya chuo kikuu. Shemeji yangu alikwisha kumchagulia mwanawe: udaktari, na ukikosekana udaktari, basi uhandisi. Kijana akaniinamia na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, mimi nataka kusoma wadudu." Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia kwamba wadudu tunao tele kwetu, na hakuna aliyepata kuvuka bahari kwenda kuwasomea. Kijana hakujibu neno. Alizikusanya karatasi zake akaondoka.

Siku chache baadaye nilizungumza kwa simu na mama yangu, aliyeko shamba Unguja, nikamhadithia jambo hilo kama mzaha. Mama hakucheka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani wewe umesahau ng'ombe wa baba yako?" Swali hilo ndilo lililonitoa usingizini, nikaanza kusoma niliyopaswa kuyajua zamani. Haya ninayokuandikieni ndiyo niliyoyapata.

NG'OMBE WA BABA

Wale miongoni mwetu waliokulia upande wa kusini wa Unguja, jirani na msitu wa Jozani, watakumbuka hali ilivyokuwa. Ng'ombe alikuwa akinunuliwa mzima, mwenye kung'aa. Haupiti muda mrefu huanza kukonda ijapokuwa majani yapo na maji yapo. Manyoya humsimama, macho humtoka maji, maziwa hupungua hadi yakakatika. Akiwa na mimba huitupa. Mwisho hulala chini asiinuke. Wazee walisema ni jicho, wengine walisema ni malisho mabaya. Baba yangu alipoteza ng'ombe watatu kwa namna hiyo, na wa tatu alikuwa amemnunua kwa fedha za karafuu za msimu mzima.

Jina la maradhi hayo ni nagana. Husababishwa na kimelea kidogo mno kiitwacho tripanosoma, ambacho huogelea ndani ya damu ya mnyama na kumfanya apungukiwe na damu. Kimelea hicho hakiruki wala hakitembei kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Hubebwa na mbung'o, yule inzi wa rangi ya hudhurungi ambaye akitua hulaza mbawa zake moja juu ya nyingine kama mikasi iliyofungwa, na akiuma hata mtu mzima hupiga ukelele.

Katika bara la Afrika mbung'o wa aina nyingine huwaambukiza watu pia, wakapatwa na malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 maradhi hayo yalizuka pwani ya Uganda ya Ziwa Viktoria, na inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walipoteza maisha yao. Unguja ilisalimika na malale ya watu, lakini nagana iliwafanya wakulima wake kuwa maskini wa maziwa, wa nyama, wa samadi na wa ng'ombe wa kukokota gari.

MDUDU MMOJA, MILANGO MINGI

Kabla ya kuendelea na mbung'o, yafaa tuulize: elimu ya wadudu ni elimu gani hasa? Wataalamu huiita entomolojia. Katika lugha yetu neno "mdudu" ni pana, tunamwingiza humo buibui, tandu, kupe na hata mnyoo. Kwa wataalamu mdudu ni yule mwenye miguu sita na mwili uliogawanyika sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kwa hesabu hiyo buibui mwenye miguu minane si mdudu. Hata hivyo wanaobaki ni wengi mno: aina zilizokwisha kupewa majina ya kitaalamu zinakaribia milioni moja, na zisizopewa majina bado ni nyingi.

Watu wa dini yetu hawakuwa wageni wa mambo haya. Ndani ya Kur'ani zimo sura zilizopewa majina ya nyuki na chungu. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama ambamo hakuwadharau viumbe wadogo, na ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, alitunga kamusi nzima ya wanyama. Wanavyuoni hao walikuwa watu wa lugha, wa fikihi na wa maumbile kwa pamoja, wala hawakuona kwamba elimu hizo zinagombana.

Katika zama zetu mambo ni yaleyale. Karl von Frisch alipotaka kujua nyuki anavyowaelekeza wenzake kwenye maua, ilimlazimu apime pembe kati ya jua na ngoma anayocheza nyuki juu ya sega, na kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1973. Thomas Hunt Morgan aliwafuga vinzi vya matunda ndani ya chupa za maziwa, na kwao akathibitisha namna urithi unavyobebwa ndani ya chembe za mwili. Anayemfuata mdudu mmoja kwa dhati hujikuta amebisha hodi kwenye milango mingi. Na hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kuliko kisa cha mbung'o wa Unguja.

TABIA ZA ADUI

Katikati ya miaka ya 1890, huko Zululand kusini mwa Afrika, daktari wa jeshi la Waingereza aitwaye David Bruce aligundua kwamba nagana hutokana na kimelea kilichomo katika damu, na kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wake. Tangu hapo vita vikaanza. Serikali za kikoloni zilikata misitu na kuteketeza vichaka ili mbung'o akose kivuli, na penginepo ziliwapiga risasi wanyama wa mwitu kwa maelfu ili akose damu. Baadaye zikaja dawa za kunyunyiza. Mbung'o alipungua, kisha akarudi.

Waliomsoma kwa subira ndio waliofahamu kwamba mbung'o si kama inzi wengine. Inzi wa jalalani hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o jike hatagi. Hubeba funza mmoja tu tumboni mwake, akamlisha humohumo kwa maji mfano wa maziwa, na baada ya siku 9 au 10 humzaa. Funza huyo hujifukia mchangani papo hapo, akajifunga ndani ya ganda gumu jeusi, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka akiwa mbung'o kamili. Mama mmoja kwa umri wake wote huzaa watoto wachache kuliko bata. Zaidi ya hayo, jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika uhai wake, na mbegu aliyoipata siku hiyo huihifadhi na kuitumia maisha yake yote.

Shikeni hilo la mwisho, ndugu wasomaji, maana ndilo lililomponza.

HESABU YA BWANA KNIPLING

Nchini Marekani katika miaka ya 1930, Edward Knipling, mtoto wa mkulima wa Texas, alikuwa akiumiza kichwa juu ya inzi mwingine, yule anayetaga mayai kwenye kidonda cha mnyama, funza wake wakala nyama iliyo hai. Knipling aliwaza hivi: badala ya kumwua inzi, je, kama tukiwazalisha madume kwa wingi, tukawafanya kuwa tasa, kisha tukawaachia porini wakawaoe majike?

Wengi walimwona anapiga porojo. Lakini hesabu yake ilikuwa imesimama. Tuchukue mfano. Pana majike 1,000 na madume 1,000 porini. Sisi tunaachia madume tasa 9,000. Sasa katika kila madume 10 mmoja tu ndiye mzima, kwa hiyo majike 900 hawatazaa kitu. Kizazi kijacho watakuwa majike 100 na madume 100 tu. Tukiachia tena tasa 9,000, mzima ni mmoja katika 91, na atakayezaa ni jike mmoja au wawili. Kizazi cha tatu hakipo.

Tazameni tofauti iliyopo. Dawa hufanya kazi vyema wadudu wakiwa wengi, lakini wakibaki wachache waliojificha ndani ya msitu, nani atakayewaona? Dume tasa ni kinyume chake: kadiri wanavyopungua ndivyo anavyozidi nguvu. Wala hana haja ya kuonyeshwa njia, maana kazi ya kumtafuta jike aliyejificha aliumbwa nayo.

Lililobaki lilikuwa ni namna ya kuwafanya tasa bila ya kuwadhoofisha, na jawabu lilitoka katika elimu nyingine kabisa. Hermann Muller alikwisha kuonyesha mwaka 1927 kwamba mionzi ya eksirei hubadilisha na kuvunja chembe za urithi za kinzi cha matunda. Raymond Bushland, mwenzake Knipling, akaifanyia majaribio kwa mashine ya eksirei ya hospitali ya jeshi. Mwaka 1954 njia hiyo ilitumika katika kisiwa cha Curaçao, na yule inzi wa vidonda akatoweka. Inzi huyohuyo alipoingia Libya mwaka 1988, inzi tasa waliletwa kwa ndege kutoka Mexico kwa mamia ya mamilioni, na kufikia mwaka 1992 nchi ile ilikuwa imesafika.

UNGUJA, 1994 HADI 1997

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi ya kumpunguza mbung'o ilianza Unguja. Ng'ombe walipakwa dawa mgongoni, na vitambaa vilivyochovywa dawa vikatundikwa vichakani. Mbung'o alipungua sana mashambani. Lakini ndani ya msitu wa Jozani na vichaka vya kusini alibaki, na kuukata au kuunyunyizia dawa msitu ule ingekuwa msiba mwingine, kwani ndio makazi ya kima punju, ambaye duniani kote hapatikani ila Zanzibar.

Hapo ndipo Serikali ilipoungana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mbung'o walifugwa Tanga, katika taasisi ya utafiti wa mbung'o na tripanosoma. Msidhani kwamba kuwafuga ni jambo jepesi. Mbung'o hanywi ila damu, na damu yenyewe sharti iwe ya moto. Ikabidi wabuniwe utando laini wa silikoni, chini yake ikawekwa damu ya ng'ombe iliyopashwa moto kiasi cha mwili, wadudu wakatua juu wakautoboa na kunywa wakidhani wapo mgongoni mwa mnyama.

Madume walipigwa mionzi ya gama kwa kipimo maalumu: ikizidi hawawezi kuruka, ikipungua wanazaa. Kisha walilishwa damu iliyotiwa dawa ya nagana ili wao wenyewe wasije wakaeneza maradhi. Wakapakiwa katika viboksi vya karatasi, wakavushwa bahari kwa ndege ndogo, na kuangushwa juu ya kisiwa kwa mistari iliyopimwa.

Kati ya Agosti 1994 na Desemba 1997 waliachiwa madume tasa wapatao milioni 8.5. Chini, vijana wa idara ya mifugo walitembea vichakani wakikagua mitego ya vibao vya rangi ya buluu na nyeupe vilivyopakwa gundi. Kila jike wa mwitu aliyenaswa alipasuliwa chini ya hadubini, ili ijulikane umri wake na kama mimba zake zinaharibika. Wiki hata wiki idadi ilishuka. Mbung'o wa mwisho wa mwitu alinaswa Septemba 1996. Hawakusimama hapo. Waliendelea kuachia tasa na kutega mitego kwa zaidi ya mwaka mzima, mpaka watu wa takwimu waliporidhika kwamba kimya kile ni kimya cha kweli. Mwishoni mwa mwaka 1997 kisiwa kilikuwa hakina mbung'o tena.

Mama aliniambia kwa simu: "Sisi tulikuwa tukiiona ile ndege inapita, watu wakisema wanamwaga inzi. Tuliwatukana! Tulisema tuna inzi wa kutosha. Kisha ng'ombe wakaanza kuzaa." Katika miaka iliyofuata wafugaji wengi walithubutu kuleta ng'ombe wa maziwa wa mbegu bora, ambao zamani kuwapeleka kusini ilikuwa sawa na kuwachimbia kaburi.

NANI ALIYEMSHINDA MBUNG'O?

Sasa tuhesabu mikono iliyohusika. Mtaalamu wa wadudu alijua kwamba jike hupandwa mara moja. Mtu wa elimu ya urithi alijua mionzi inavyovunja mbegu. Mtu wa fizikia alipima mionzi yenyewe. Daktari wa mifugo alichunguza damu ya ng'ombe na kuwatibu. Mtu wa hisabati alikadiria ni tasa wangapi waachiwe na wapi. Mhandisi alitengeneza vyombo vya kufugia, rubani akashika mistari yake, mchoraji wa ramani akaonyesha vichaka vilipo. Na mkulima, ambaye jina lake halimo katika ripoti yoyote, aliruhusu ng'ombe wake apakwe dawa na mtego utundikwe shambani mwake. Tukimwondoa mmoja wao, mbung'o angalikuwapo hadi leo.

Hatuna budi pia kusema ukweli wote. Unguja ni kisiwa, tena chenye aina moja tu ya mbung'o, na bahari ndiyo iliyokuwa ukuta wake. Barani mambo ni magumu zaidi, kwani eneo likisafishwa leo, mbung'o wa jirani huingia kesho. Ndiyo maana utafiti haukukoma. Jijini Nairobi, katika mtaa wa Kasarani, ipo taasisi iitwayo icipe, iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyefariki mwaka 2003. Tangu mwanzo aliwakusanya watu wa kemia pamoja na watu wa wadudu, na kiwanja cha taasisi hiyo kikaitwa Duduville, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Watafiti wa icipe waliona kwamba mbung'o humkwepa kuro ingawa kuro anaishi naye pori moja. Wakaichambua harufu yake, wakaitengeneza maabarani, wakaitia katika kola za kuvishwa ng'ombe. Ng'ombe akawa ananuka kuro, na mbung'o akampita. Majaribio yalifanyika Shimba Hills, Kwale, katika pwani ya Kenya, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017: maradhi yalipungua sana kwa ng'ombe waliovishwa. Hapo tena yumo mtu wa kemia, yumo daktari wa mifugo, na yumo mfugaji wa Kwale.

NENO KWA WAZAZI

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sikupata kuiona methali hiyo kwa upya wake mpaka nilipojua kwamba hata mdudu mkubwa kuliko chawa havunjwi na elimu moja.

Sisi tulio ugenini tumejizoesha kuwapangia watoto wetu njia mbili au tatu tu, na sababu zake zinafahamika: tulikuja mikono mitupu, na tunaogopa watoto wasije wakarudi tulikotoka. Lakini kijana anayependa mdudu hatupi udaktari wala uhandisi wala hisabati. Huenda akavikuta vyote njiani, na huenda akavihitaji vyote. Malaria bado ipo, nzige bado wanavuka Bahari ya Shamu, na viwavijeshi wanakula mahindi ya ndugu zetu. Kazi haijaisha.

Nilimwita mpwa wangu nikamwomba radhi. Nilimpeleka pia kwa baba yake, tukazungumza sote watatu hadi usiku. Shemeji hakukubali siku ile. Aliniuliza maswali mengi juu ya ajira na mshahara, na yalikuwa maswali ya haki. Lakini baada ya wiki mbili alinipigia simu kuniuliza, "Lile shirika la Vienna, wanasomesha vijana?" Nikaona kwamba mlango umefunguka kidogo.

Mwisho nina ombi kwenu. Siku ile kijana aliniuliza Kiswahili cha wadudu aliowachora, nami nikajikuta ninamjibu "mdudu" kwa kila mmoja. Mama ndiye aliyemtajia: kerengende arukaye juu ya maji, nyenje aliaye usiku, kumbikumbi watokao baada ya mvua, na vunjajungu, ambaye tulipokuwa wadogo tulikatazwa kumgusa tusije tukavunja vyungu vya wazazi wetu. Basi kila mwenye mama, bibi au babu aliye hai amwulize majina ya wadudu wa kwao, na mdudu gani hutokea msimu gani, na atuletee tuyachape katika toleo lijalo. Huo nao ni utafiti, na hauhitaji hadubini.